Ogaka haifukuzi kideri kilichokwisha kuingia

Habari zikivuka mto kwamba kuku wameanza kufa ng'ambo, ogaka hukatwa jioni hiyo hiyo. Majani mawili matatu hupasuliwa, hutumbukizwa kwenye maji na kuachwa humo usiku kucha. Kukicha, kuku wa boma hawana maji mengine ya kunywa ila hayo machungu yaliyogeuka rangi. Wapo wanaoongeza pilipili kali, wapo wanaotwanga majani ya mwarobaini, na wapo wanaotia vyote kwa pamoja wasije wakajilaumu baadaye. Ogaka ndiyo shubiri ya mwituni, yenye majani manene na miiba pembeni, ambayo Wajaluo wa ukanda huu wa ziwa wameitumia kwa watu na kwa mifugo tangu zamani. Ukiikosa kwako, utaipata kwenye ua wa jirani.

Je, ina kazi? Nimesoma tafiti zilizoipima, na jibu la haki ni kwamba kazi inayo, lakini si hiyo tunayoituma.

Kinachoogopwa ni kideri, ugonjwa ambao majirani zetu Watanzania huuita mdondo na madaktari wa mifugo huuita Newcastle, kwa kuwa ulichunguzwa karibu na mji huo wa Uingereza mwaka 1926. Mwaka huo huo ulikuwa ukiua kuku kisiwani Java. Kenya uliripotiwa mara ya kwanza Mombasa mwaka 1935, na tangu hapo haujatoka. Kuku huanza kwa kujikunyata na kushusha mabawa. Kisha huhema mdomo wazi, huharisha kijani kibichi, na wale wanaochelewa kufa hupinda shingo, wakazunguka mahali pamoja kama waliolewa. Aina kali ya virusi vya ugonjwa huu ikiingia katika kundi lisilochanjwa inaweza kulifagia lote. Wiki moja yatosha.

Nyamasaria yetu ina bahati mbaya ya kuwa mahali pazuri. Ipo ukingoni mwa jiji la Kisumu upande wa mashariki, pale barabara inayotoka Nairobi kupitia Ahero inapoingia mjini, na pale njia ya kuelekea Kondele na Kisian inapochepuka. Chochote kinachotoka nyanda za Kano kwenda sokoni Kibuye hupita hapa, na kuku wamo: ndani ya matenga juu ya matatu, miguu imefungwa kwenye usukani wa bodaboda, au kwapani mwa abiria. Virusi vya kideri husafiri na kinyesi, makamasi, manyoya, matope ya viatuni, hata tenga tupu linalorudishwa bila kuoshwa. Kuku wa kienyeji nao hawajui uzio. Asubuhi wanafunguliwa, mchana wako kwa jirani, jioni wamerudi na walichookota. Krismasi na Pasaka zikikaribia biashara hushika kasi, na mara nyingi vifo hufuata nyuma yake.

Hasara yenyewe si ndogo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu nchini Kenya kuku wa kienyeji zaidi ya milioni 25, na kuku wa kisasa takriban milioni 6 tu. Hao wa kienyeji wengi wao wako mikononi mwa akina mama, na hakuna benki inayotoa pesa haraka kuliko mtetea mnene siku mtoto anapofukuzwa shule kwa sababu ya karo.

Turudi kwenye jani. Si kweli kwamba wasomi wameidharau elimu hii. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na hadi leo ni vigumu kuandika juu ya dawa za miti za eneo hili bila kupita kwake. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na L. O. Okitoi walichapisha maelezo ya dawa za mitishamba wanazotumia wafugaji wa kuku wa magharibi mwa Kenya. Anayezisoma atatambua mara moja yale yanayofanyika Nyamasaria. Dawa hizi, basi, zimeandikwa. Kazi ngumu ni kuzipima.

Na ogaka imepimwa. Mwaka 2002 R. K. Waihenya, M. M. A. Mtambo na G. Nkwengulila walichapisha jaribio lao juu ya Aloe secundiflora, mojawapo ya shubiri za mwituni zinazoota Kenya na Tanzania. Waliwaambukiza kuku virusi vya kideri kwa makusudi, wakawapa maji ya shubiri kwa nyakati tofauti. Kundi moja lilitanguliziwa dawa wiki mbili kabla ya kuambukizwa. Katika kundi hilo vifo vilipungua. Havikuisha, vilipungua. Watafiti waliona kwamba mmea huu unaweza kumsaidia mfugaji wa kijijini endapo utatolewa mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa ogaka kwa wakati mmoja. Sisi huikata baada ya kusikia kilio ng'ambo, na pengine baada ya kuku wa kwanza kuanguka uani petu. Virusi huchukua kati ya siku 2 na 15 mwilini kabla dalili hazijaonekana, mara nyingi siku 5 au 6. Maana yake kuku unayemnywesha leo kwa hofu huenda aliambukizwa tangu wiki iliyopita. Akianza kupinda shingo, virusi vimekwisha kufika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Huko maji ya ogaka hayafiki, na hata yangefika yasingerudisha kilichoharibika.

Ndani ya jani kuna nini? Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndio wenye aloini na aloe-emodini, kemikali chungu zinazoendesha tumbo. Ute mweupe wa katikati una sukari zilizoungana kwa minyororo mirefu, mojawapo ikiitwa asemanani, ambayo huamsha chembe za kinga za mwili. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aloe-emodini huharibu virusi kadhaa, vikiwamo vya malengelenge na vya mafua, kwa kupasua utando wa mafuta unaovifunika. Virusi visivyo na utando huo havikuguswa. Virusi vya kideri vina utando wa mafuta, kwa hiyo matumaini hayatoki hewani. Lakini Gumboro, ugonjwa unaoua vifaranga wa wiki tatu hadi sita na uliopewa jina la kijiji cha Delaware, Marekani, ulikoonekana mwaka 1962, husababishwa na virusi visivyo na utando wowote. Anayekuuzia chupa moja ya mitishamba akidai inatibu kideri na Gumboro kwa pamoja, muulize inavipasulia nini virusi vya Gumboro.

Tena kuna umbali mkubwa kati ya kisahani cha maabara na utumbo wa kuku. Kwenye kisahani dawa na virusi hukutanishwa ana kwa ana. Ndani ya kuku, dawa hupita kwenye firigisi, asidi na ini, ikatoka kiasi kidogo tu, ilhali virusi vimejificha ndani ya seli za koo, mapafu na matumbo. Mimea mingi ya Afrika imeua virusi vya kideri ndani ya mayai yenye viinitete. Iliyookoa kundi la kuku ni michache mno. Hata pilipili inayotiwa na wengi ina kisa chake. Ndege hawahisi ukali wa kapsaisini tunaouhisi sisi, ndiyo maana wao hula pilipili na kusambaza mbegu zake bila kutokwa na chozi. Anayedhani kuku amechangamka kwa sababu ya moto wa pilipili amempima kuku kwa ulimi wake mwenyewe. Mtambo na wenzake waliupima mchanganyiko wa pilipili, limau na mpungate dhidi ya kideri na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Zaidi ya miaka 20 imepita, na mchanganyiko huo bado ni wa jikoni.

Mbona basi watu wengi huapa kwamba ogaka iliwaokolea kuku? Siwaiti waongo. Kuna kuku waliowahi kupona kideri na kubaki na kinga. Kuna vifaranga wanaolindwa majuma yao ya kwanza na kinga ya mama iliyopitia kwenye yai. Na kuna jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote: si kila kifo cha kuku ni kideri. Homa ya matumbo ya kuku, kipindupindu cha kuku na koksidiosisi zote huleta kuhara na kuzubaa, na kijijini zote hupewa jina moja. Timu hiyo hiyo ya Waihenya iliipima shubiri dhidi ya Salmonella gallinarum, bakteria wa homa ya matumbo ya kuku. Kwa hiyo inawezekana kabisa ogaka ilimtibu kuku wako ugonjwa fulani, ila ugonjwa wenyewe haukuwa kideri. Bila kupeleka mzoga maabara hutajua, na maabara ya mkoa ya uchunguzi wa mifugo iliyo karibu nasi ipo Kericho. Ni wangapi watapanda matatu hadi Kericho na kuku aliyekufa ndani ya mfuko?

Kipimo nacho ni tatizo. Jani la ukame na jani la masika hayana utomvu sawa, na shubiri ya bonde la Kano si lazima iwe ya aina ile iliyotumiwa na watafiti. "Majani matatu" ya jirani yako yaweza kuwa mara mbili ya majani matatu yako. Ukizidisha, kuku huharisha kwa sababu ya dawa yenyewe. Ukikoleza uchungu, hawanywi, na kuku asiyekunywa maji katika joto la Kisumu hahitaji kideri kumuua. Wanaowaza kugeuza ogaka kuwa biashara wakumbuke pia kwamba Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri ya mwituni mwaka 1986, na kwamba spishi zote za shubiri isipokuwa Aloe vera zimo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ya kupanda shambani ina taratibu zake. Ya kung'oa porini kwa magunia haina njia halali.

Wenye shaka na mimea wasifurahi mapema, kwani historia iko upande wa mimea pia. Dawa ya mafua iitwayo oseltamivir, ambayo serikali za dunia zilishindana kuirundika ghalani mafua ya ndege yalipotisha mwaka 2005, ilitengenezwa kwa asidi ya shikimi iliyokamuliwa kutoka kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota. Lakini hakuna aliyetibu mafua ya ndege kwa kuchemsha kiungo hicho; wanakemia walipitisha asidi hiyo katika hatua nyingi hadi ikawa kitu kingine. Miaka hiyo hiyo, nchini China, amantadini, dawa ya mafua ya binadamu, iligundulika ikitumiwa kwa kuku mashambani, na virusi vikajifunza kuishi nayo. Dawa ikapotea kwa kuku na kwa watu. Nayataja haya kwa sababu nasi tuna tabia kama hiyo: kideri kikiingia, mtu hukimbilia duka la dawa akafungua kidonge cha rangi mbili cha tetrasaiklini na kukimwaga kwenye maji ya kuku. Antibiotiki haiui kirusi hata kimoja. Kinachobaki ni mabaki ya dawa ndani ya mayai tunayokula na bakteria waliozoea dawa. Kati ya kidonge hicho na ogaka, heri ogaka mara mia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ng'ambo ya ghuba, Homa Bay. Septemba 2019 Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya malaria, RTS,S, na uzinduzi ulikuwa katika kaunti hiyo. Ndani ya chanjo hiyo mna kichocheo kiitwacho QS-21, saponini inayotoka kwenye gome la mti wa Chile, Quillaja saponaria. Mti huo hauui vimelea vya malaria. Kazi yake ni kuushtua mwili wa mtoto uisikilize chanjo. Hapo mmea umepewa kazi unayoiweza. Asemanani ya shubiri nayo imewahi kujaribiwa kuwa kichocheo cha chanjo za kuku. Kama ningekuwa na pesa za utafiti wa kugawa katika vyuo vya ukanda huu, ningezipeleka huko, nikauliza ogaka inaisaidiaje chanjo, badala ya kuuliza kwa mara ya mia kama inaweza kuchukua nafasi yake.

Maana chanjo ipo, na ni nzuri. Taasisi ya serikali ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya kideri humu humu nchini. Tatizo linalowasukuma watu kwenye ogaka si ujinga, ni hesabu. Kichupa kidogo cha kawaida kina dozi 100 au zaidi, kinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kikishachanganywa hakingojei kesho. Mama mwenye kuku 9 aende mjini, anunue dozi 100, arudi mbio na barafu, atumie 9 na kumwaga 91? Ogaka haidai chochote kati ya hayo. Chanjo ikimjia mtu kwa sura hiyo, jani litashinda kila mwaka.

Suluhisho la joto lilipatikana zamani. Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake waliteua kirusi kipole cha kideri kinachostahimili joto, wakakiita I-2, na kukitoa bure kwa nchi zenye wafugaji wadogo. Tanzania ilikichukua na kutengeneza chanjo iitwayo TEMEVAC. Hudondoshwa tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na kurudiwa kila miezi 3 au 4. Jicho la kuku halihitaji sindano wala digrii. Mtu akifundishwa asubuhi, mchana anachanja.

Linalobaki ni idadi, na hilo Nyamasaria haihitaji msaada wa Australia. Wanawake kumi wa chama kimoja, kila mmoja na kuku kumi, ndicho kichupa kimoja. Machi, Julai na Novemba zingetosha, ili Pasaka na Krismasi zikute kuku wamekwisha kupata kinga. Kinga huhitaji takriban wiki mbili kujijenga, na kuku mgonjwa hachanjwi. Jirani asiyechanja huhatarisha kuku wake na vifaranga wapya wa wote, basi afuatwe kwa maneno mazuri. Serikali ya Kaunti ya Kisumu, ambayo huduma za mifugo zimo mikononi mwake tangu ugatuzi wa 2013, ingefanya jambo la maana kama ingefikisha kikasha cha barafu kwa chama mara tatu kwa mwaka, badala ya kungoja kuhesabu mizoga.

Anayetaka kuendelea na ogaka aendelee, mapema na kwa kiasi, kabla ya msimu wa vifo. Ila wanaochanja kwa maji ya kunywa waiondoe ogaka siku mbili kabla na siku mbili baada, pamoja na maji ya bomba yenye klorini. Chanjo hii ni kirusi hai chenye utando ule ule wa mafuta, na kama jani lina nguvu tunayoisifia, litaanza kwa kuiua chanjo yenyewe.

Na kuku anayepinda shingo leo hana dawa, si ya jani wala ya chupa. Mtenge na wenzake, akifa mchome au mzike kina kirefu, usimtupe mtoni wala kumpakia kwenda Kibuye. Kisha umpigie simu afisa wa mifugo wa wadi kabla hujampigia mchuuzi.